Kiwiliwili cha Asumini

Siku ya Ijumaa, tarehe 14 Mei, mwaka 2094, katika jiji la Tabora, kiwiliwili cha Asumini binti Hilali kiliwasili nyumbani kwa baba yake baada ya sala ya alasiri. Kilishuka garini bila kushikwa mkono, kikavua viatu kizingitini, kikainamisha kichwa mbele ya wanawake waliojaa ukumbini, kisha kikaenda kuketi juu ya mkeka mpya uliotandikwa kwa ajili yake. Ngozi yake ilikuwa ya mpira laini wenye joto la mwili wa mtu. Kifua chake kilipanda na kushuka. Wanawake walipiga vigelegele, na shangazi yake, Bi Tausi, ambaye hakuwa amemwona mpwa wake kwa muda mrefu, alijifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Asumini mwenyewe hakuwa Tabora. Alikuwa juu, katika Bustani ya Mzingo, ile nyumba kubwa ya vioo inayoizunguka dunia na ambamo hulimwa mboga za wafanyakazi wa angani. Kazi yake ilikuwa kutunza miche. Mfanyakazi wa Bustani hashuki hovyo, kwa sababu mwili uliozoea kuelea huhitaji kufundishwa upya kutembea, kama mtoto. Ndiyo maana kampuni ya Uwepo ilibuni viwiliwili. Yanayoonwa na macho ya kiwiliwili hupanda hadi kwa mwenyewe, naye huyaona kana kwamba ameketi pale. Anayoyasema na kuyatenda mwenyewe hushuka hadi kwenye kiwiliwili, nacho huyasema na kuyatenda mbele ya watu. Kwa njia hiyo, watu wa angani waliweza kuzika wazazi wao, kuwapa watoto wao majina, na kuoa na kuolewa.

Kampuni ilikuwa imefikiria pia aibu ya mteja. Iwapo mwenyewe atakaa kimya, au mawasiliano yatakatika kidogo, kiwiliwili hakikuachwa kikodoe macho kama maiti. Kilifundishwa adabu zake chenyewe: kutembea, kuvua viatu, kuketi, kupumua, kuinamisha uso na kuweka mikono mapajani. Wateja wengi waliisifu sana adabu hiyo.

Siku hiyo Asumini alikuwa ameitwa kuulizwa swali moja tu. Bwana Idrisa, mfanyabiashara wa asali, alikuwa amempeleka mshenga, na baba yake, Mzee Hilali Kasanda, fundi mstaafu wa reli, alikuwa ameipenda posa hiyo. Alipompelekea binti yake habari, Asumini alimjibu hivi: "Baba, swali hilo nitalijibu nitakapoulizwa mbele ya mashahidi, kama ilivyo desturi yetu." Watu wa nyumbani walicheka kwa furaha. Katika ukoo wao, mwari aliyeridhia hakutakiwa kusema neno. Haya zake zilitosha kuwa jibu. Aliyekataa ndiye aliyepaswa kufungua kinywa, na akikifungua, hakuna aliyeruhusiwa kumlazimisha. Kwa hiyo desturi ilimpa Asumini haki yake kamili, mradi tu sauti yake imfikie baba yake.

Aliyepewa kazi ya kuifikisha sauti hiyo ni mhandisi Hamida Kapilima.

Hamida alikuwa mwanamke wa makamo, mama wa watoto wakubwa, na fundi aliyeheshimiwa kuliko wote katika kampuni ya Uwepo. Asubuhi ya siku hiyo alikuja na kisanduku cheusi kilichotosha kiganjani, akakifunga ukutani nyuma ya pazia. Kisanduku hicho ni kielekezi. Kila neno na kila picha hukatwakatwa kuwa vifurushi vidogo, na kila kifurushi huandikwa anwani ya kinakokwenda. Kielekezi huisoma anwani hiyo, kisha hukikabidhi kifurushi kwa mlango unaofuata.

Katika nyumba za kawaida, vielekezi hujitafutia njia vyenyewe. Hupelekeana salamu, huulizana ni nani aliye hai na nani amezimika, na njia moja ikiharibika hutafuta nyingine. Lakini wafanyabiashara hawakuutaka mtindo huo, kwa kuwa njia ikibadilika katikati ya mazungumzo, picha hutetemeka. Kampuni ya Uwepo ililipia laini ya biashara, na katika laini hiyo mhandisi huandika njia kwa mkono wake mwenyewe. Njia ya namna hiyo huitwa njia ya kudumu. Haiulizi wala haibadiliki. Itapita pale ilipoambiwa ipite mpaka aliyeiandika aje aifute.

Njia ya kudumu ina jambo moja ambalo wanafunzi wa fani hiyo hulisahau. Njia ya kwenda haileti njia ya kurudi. Kielekezi cha nyumbani kikiambiwa, "Vifurushi vya Bustani vipite kwenye mnara wa mawasiliano," hicho kimejua. Lakini kielekezi cha Bustani nacho lazima kiambiwe, kwa amri yake peke yake, "Vifurushi vya nyumba ya Mzee Hilali vipite mnarani." Kisipoambiwa, kila kifurushi kinachotaka kushuka hukitupa, bila kelele na bila kumwarifu mtu.

Kwa sababu hiyo mafundi wa Uwepo walikuwa na mtindo wao, waliokabidhiana tangu laini ya kwanza kufunguliwa. Fundi akishamaliza kuandika njia, husimama mbele ya kiwiliwili na kusema, "Hodi." Haondoki hapo mpaka asikie kwa masikio yake mwenyewe, kutoka upande wa pili, "Karibu." Taa ya kijani haitoshi, taa huonyesha kwenda tu.

Asubuhi ile Hamida aliandika njia ya kwenda, na taa ya kijani ikawaka. Alikuwa ameinua simu aombe laini ya ofisini ili aandike ya kurudi wakati Bi Tausi alipofunua pazia akiwa na sahani ya vitumbua.

"Fundi, hebu toka huko nyuma ya pazia kama panya! Njoo ule na wenzio."

"Namalizia, shangazi."

"Unamalizia nini na taa imewaka? Hata mimi nisiyejua haya madude yenu naona imewaka." Bi Tausi akawageukia wenzake. "Jamani, mmemwona huyu? Ameinua simu mara moja tu, mbingu imefunguka. Sisi tuna mabinti wangapi wamesoma, hata balbu hawawezi kubadilisha!"

Wanawake walicheka na kumshangilia. Walimpisha kwenye kiti chenye mto. Mmoja alimuuliza kama mtoto wake wa kiume ameoa. Hamida, ambaye kazini alizungukwa na mashine na wanaume wasiosifu, aliona raha moyoni. Alijiambia kwamba atarudi nyuma ya pazia baada ya chai. Chai ilifuatwa na hadithi, hadithi zikafuatwa na nyimbo, na kiwiliwili kilipoingia kikiwa kimeinamisha kichwa, yeye mwenyewe aliamini kwamba Asumini amefika. Hakubisha hodi.

"Mtazameni mwari wetu," alisema Bi Tausi, akikitengenezea kiwiliwili ushungi. "Miaka yote huko kwenye chupa lao la angani, na adabu haikumtoka. Asumini, mwanangu, hujambo?"

Kiwiliwili kilikaa kimya, macho chini.

"Anaona haya," alisema mwanamke mmoja.

"Aone tu! Mimi siku yangu nilijifunika mpaka nikasinzia, wakaja kuniuliza nakoroma. Baba akasema, huyo ameridhia hadi usingizini."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, na Hamida alicheka pamoja nao.

Muda si mrefu Mzee Hilali aliingia na mashahidi wawili, na wanawake wakanyamaza. Mzee alikuwa amevaa kanzu nyeupe na koti. Aliketi mbele ya kiwiliwili, akakohoa kidogo.

"Asumini, binti yangu. Bwana Idrisa bin Athumani amekuposa. Mimi baba yako naomba ruhusa yako nikuozeshe kwake. Je, umeridhia?"

Kiwiliwili kiliinamisha uso zaidi. Mikono yake ilikuwa mapajani.

"Nakuuliza tena, mama. Kama hutaki, sema. Hapa hakuna wa kukugombeza."

Kimya.

Mzee aliuliza kwa mara ya mwisho, na sauti yake ilikuwa ya haraka kidogo kuliko mwanzo. Kisha aliwatazama mashahidi. Mashahidi walitikisa vichwa kukubali. Alinyanyuka, akatoka kwenda barazani walikokuwa wanaume, shehe na bwana harusi.

Hapo ndipo Hamida, kwa mazoea ya kazi tu, alipotoa kibao chake cha kioo mkobani ili atazame hali ya laini. Vifurushi vilivyokwenda juu vilikuwa vingi mno, vinaongezeka kila alipopepesa jicho. Vifurushi vilivyopokelewa kutoka juu vilikuwa sifuri.

Alikitazama kibao. Alikitazama kiwiliwili, jinsi kilivyokuwa kikipumua polepole kwa adabu. Alielewa kwamba tangu kiwiliwili kishuke garini, hakuna mtu aliyekuwamo. Alielewa pia kwamba Asumini alikuwa ameona na kusikia kila kitu.

Barazani, shehe alikuwa ameanza hotuba ya ndoa.

Kutoka pale alipoketi hadi mlango wa baraza hapakuwa mbali. Angeweza kusimama na kusema, "Ngojeni." Neno hilo moja lingetosha. Lakini Hamida aliuona ule mto wa kiti, na zile nyuso zilizomshangilia, na akawaza: nitengeneze kwanza, halafu hakuna atakayejua. Huenda Asumini alinyamaza kweli. Huenda hakuna lililoharibika.

Aliingia nyuma ya pazia. Kielekezi cha Bustani hakikuweza kufikiwa kutoka nyumba ile, kwa kuwa majibu yake nayo yangetupwa. Kingefikiwa kutoka ofisini tu, kwa laini ya zamani ya kampuni, ambayo njia zake zote mbili zilikwisha kuandikwa. Alimpigia mkuu wake, Bwana Songoro, aliyekuwa zamu.

"Nifungulie laini ya zamani," alinong'ona. "Sikuandika njia ya kurudi."

"Wewe Hamida? Wewe?" Songoro alishusha pumzi. "Wameshamuuliza?"

"Wameshamuuliza."

"Akajibu?"

"Kiwiliwili kiliinama."

"Basi sikiliza, dada yangu. Andika hiyo njia kimyakimya, ufunge pazia, ule pilau. Kiwiliwili kimefanya kazi yake. Ukisema, si wewe tu. Kampuni nzima itachekwa kuanzia hapa hadi Kigoma."

"Nifungulie laini, Songoro."

Aliifungua. Hamida alikosea anwani, akaifuta, akaandika upya. Alikuwa akiandika tarakimu ya mwisho vigelegele vilipopasuka barazani na kuitikiwa ukumbini. Ndoa ilikuwa imefungwa. Wanawake walikimbilia dirishani kutazama, wakiimba, wakikiacha kiwiliwili peke yake mkekani.

Njia ya kurudi ikafunguka. Kiwiliwili kiliinua uso.

Uso ule, ambao wote walikuwa wameusifu kwa haya, sasa ulikuwa umekunjamana. Midomo ilifunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa imekauka kama ya mtu aliyepiga kelele mpaka ameishiwa.

"Kuna mtu ananisikia? Shangazi? Baba? Kuna mtu yeyote ananisikia?"

Hamida alipiga magoti mbele yake. "Nakusikia, mwanangu."

Kiwiliwili kilimshika mikono kwa nguvu. "Nilisema hapana. Baba aliniuliza, nikasema hapana. Akaniuliza tena kana kwamba sijasema. Nikasema, Baba, hapana, akawatazama mashahidi, wakatikisa vichwa! Nilikuwa napiga kelele, nao wanatikisa vichwa! Mama, nilidhani mmeamua kutonisikia. Niambie ukweli. Mlikuwa mnanisikia?"

"Hatukukusikia. Nilisahau mimi. Mimi ndiye fundi."

Asumini aliiachia mikono yake. "Basi nenda ukawaambie," alisema.

Hamida alijitanda kanga, akapita katikati ya wanawake waliokuwa wakicheza, akatoka barazani. Hakuwahi katika maisha yake kuingia kwenye baraza la wanaume lililokaa. Sahani za halua zilikuwa zinapitishwa. Bwana Idrisa alikuwa amekaa karibu na shehe, jasho limemtoka, anatabasamu.

"Shehe, samahani. Wazee wangu, nisameheni." Sauti yake ilikuwa ndogo, akairudia. "Bi harusi hakunyamaza. Alijibu. Alisema hapana kila alipoulizwa. Jibu lake halikushuka kwa sababu mimi sikuliandikia njia. Yale mliyoyaona ni adabu za mashine."

Hakuna aliyesogeza mkono. Mtu mmoja aliyekuwa na kipande cha halua mdomoni aliacha kutafuna.

"Ulijua lini?" aliuliza shehe kwa upole.

Hilo ndilo swali ambalo Hamida alikuwa akiomba lisiulizwe. Angeweza kusema, "Sasa hivi." Songoro peke yake ndiye aliyejua vinginevyo.

"Nilijua kabla hujamaliza hotuba," alisema. "Nilikwenda kutengeneza kwanza ili nisionekane."

Bwana Idrisa alivua kofia yake, akaiweka gotini. Uso wake ulikuwa umepoteza rangi. "Mimi nimekaa hapa nafurahi," alisema taratibu, bila kumtazama mtu, "na huko mtu analia kwa ajili yangu." Alinyanyuka, akamshika mkono Mzee Hilali, akaondoka na ndugu zake bila kelele. Shehe alitamka kwamba ndoa isiyo na ridhaa si ndoa, na kwamba hakuna kilichofungwa siku ile.

Mzee Hilali alibaki ameketi. Hamida alimwinamia ili amwombe radhi, lakini mzee alimzuia kwa mkono.

"Usiniombe mimi, Bi Hamida." Alisema hayo huku akitazama mkeka aliokalia. "Mimi nimemlea yule. Tangu anaanza kutamka maneno hajawahi kunyamaza nikimuuliza kitu. Hata nikimuuliza kama ameshiba, hotuba. Leo amenyamaza, nami sikustuka. Nilifurahi. Niliuliza mara ya mwisho harakaharaka, nikiogopa asije akasema." Aliinua macho, akaongeza: "Ile mashine yako ilinipa nilichokitaka."

Waliingia pamoja ukumbini. Nyimbo zilikuwa zimekatika. Bi Tausi alikuwa ameketi kando ya kiwiliwili, amekishika bega, hana mzaha hata mmoja mdomoni. Mzee aliketi mahali palepale alipokuwa ameketi mwanzo.

"Asumini."

"Naam, Baba. Unanisikia?"

"Nakusikia. Sema tena."

"Hapana, Baba."

"Nimesikia," alisema Mzee Hilali, akajifunika uso kwa viganja.

Bwana Songoro hakumfukuza Hamida. Ilikuwa rahisi zaidi kwake kusema kwamba hitilafu imerekebishwa. Lakini Hamida hakukubali kuendelea na kazi mpaka ile adabu ya kiwiliwili ifutwe. Walibishana kwa wiki nyingi. Wakubwa walisema wateja watachukia. Mwishowe walikubali, na tangu hapo kiwiliwili kikikosa sauti ya mwenyewe hakiinami tena wala hakipumui. Hunyoosha mkono juu na kusema kwa sauti kavu, "Hayupo. Msiendelee." Jambo hilo huharibu shughuli nyingi, na watu hulalamika.

Hamida naye hubisha hodi katika kila laini anayoifungua, hata kama nyumba nzima inamngoja. Watu wamekwisha kumsamehe kosa la njia, kwa sababu kila mtu husahau. Yeye mwenyewe hujionea aibu kwa lile la pili: mwendo mfupi kutoka kitini hadi barazani, ambao hakuutembea wakati neno moja lingali linatosha. Hilo halina wa kulisamehe, kwa kuwa watu wengi hawakumbuki hata kwamba lilitokea.

Yuko mmoja anayekumbuka. Asumini hupiga nyumbani kila Ijumaa, na baadhi ya siku Hamida huwapo kuikagua laini. Picha hung'aa, sauti ni safi, njia ya kwenda na ya kurudi zote zimeandikwa. Hata hivyo, Asumini hasalimii kama watoto wengine wanavyosalimia. Kabla ya shikamoo, kabla ya kuuliza mvua, husema kwanza, "Mnanisikia?" Kisha hungoja. Hata akijibiwa, huuliza tena. Na Hamida, akiwa nyuma ya pazia, huinamisha uso na kuweka mikono mapajani.

Wewe uliyeyasoma haya hadi hapa, usiyafungie kabatini. Mpe jirani ayasome. Na kama jirani hajajaliwa kusoma, kaa naye umsomee, kisha nyamaza, umsikilize naye atasema nini.